Fundi wa Jina

Siku ya kwanza nilikwenda na viazi kilo 3, kisu, na makopo manne ya rangi ya maji. Nilijiona nimejipanga. Kiazi unakikata kati, unakichonga nyota, unakipaka rangi, unakigandamiza kwenye karatasi, nyota inabaki. Watoto 14 walikuwa wamekaa mkekani uani kwa dada yangu, Tandika, mkubwa wao ana miaka 8, mdogo ndiyo kwanza 5, wote macho kwenye kisu.

Sikufika kiazi cha tatu. Bibi mmoja, mama mzazi wa mpangaji wa chumba cha mwisho, alikuwa pembeni anapepeta mchele. Akaniita. Nikasogea nikamwamkia, akaitikia marahaba bila ungo kusimama.

"Hivyo viazi mtavila baadaye?"

"Hapana bibi, vitakuwa na rangi."

Akapepeta mara mbili, tatu, akapuliza makapi. "Basi, baba, leo umewafundisha kuchezea chakula. Na wengine hapo hawajanywa chai."

Sikuwa na la kujibu. Nilimaliza somo kwa aibu, viazi vilivyobaki vizima nikampa dada avichemshe, watoto wakala na chumvi. Kila mwongozo wa sanaa za watoto niliowahi kufungua unaanza na kiazi. Nadhani walioandika hawajawahi kununua viazi kwa fungu.

Mimi si mwalimu. Kazi yangu ni kuchapa fulana. Nimepanga nusu ya fremu Kariakoo, na ndani ya fremu hiyo ndimo zilimo fremu zangu nyingine, zile za mbao zilizowambwa kitambaa cha kupitishia wino. Fulana za msiba, za mahafali, za vikoba, za timu za mtaani, na kila baada ya miaka mitano za kampeni, hapo tunalala dukani. Miaka 17 sasa. Katika kazi hii kipimo ni kimoja, chapa ya mia ifanane na ya kwanza. Rangi ya pili ikisogea hata upana wa ukucha, mteja anarudisha mzigo.

Dada yangu amesomea ualimu wa awali, na Jumamosi hukaa na watoto wa majirani ambao mama zao wako sokoni. Ndiye aliyeniomba nije niwashughulishe hata saa moja apumue. Kosa lake likawa moja tu: aliwatangazia watoto kwamba Jumamosi anakuja anko wa kuchapa. Wawili hawakutokea. Mmoja alitokea amevaa kaptula mbili.

Wiki ya pili nilikuja na akili mpya. Nyuma ya choo cha dada kuna migomba, na mgomba si chakula. Ukikata kile kikonyo kinene cha jani kwa kisu kikali, ndani unakuta vijumba vijumba vilivyopangana kama sega la nyuki. Hakuna cha kuchonga. Mungu amemaliza kazi. Watoto walipaka rangi wakagonga, wakagonga tena, karatasi zikajaa. Mmoja akasema ni nyavu za Feri, mwingine akasema ni ghorofa za Kariakoo, akaanza kuchora watu kwenye madirisha kwa penseli. Nikamtazama bibi. Ungo ulikuwa umesimama. Nikajua leo nimepita.

Jumapili asubuhi mama zao walikuja kwa dada kama kamati. Rangi ilitoka kwa sabuni ya mche bila taabu. Utomvu wa mgomba haukutoka. Kila aliyekulia penye migomba anajua kwamba utomvu ule ukishakauka kwenye nguo, doa linakuwa la kahawia na nguo inakuwa ya shambani mpaka siku itakapochanika. Mimi mwenyewe nimekulia penye migomba. Nililijua hilo, ila sikulikumbuka, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye karatasi. Nililipa mashati mawili ya shule. Mengine nilisamehewa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Ila hapo ndipo tulipopata sare. Dukani nilikuwa na mzigo uliokataliwa, fulana 30 za watu wazima zilizoandikwa MAHAFARI YA KIDATO CHA NNE. Kijana wangu ndiye aliyepanga maneno, mimi nikapitisha bila kusoma, na mteja alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Zilikaa kwenye kiroba mwaka mzima. Jumamosi iliyofuata kila mtoto alivaa moja juu ya nguo zake, ikamfika kwenye vifundo vya miguu. Ukiingia uani unakuta wahitimu 14 wa kidato cha nne, wengine hawajang'oa hata jino la kwanza.

Baada ya mgomba nilijifunza kwenda sokoni kabla ya somo na kuuliza kinachotupwa. Soko la Tandika saa nne asubuhi wauza mboga wameshachambua bamia. Zilizokomaa zinawekwa pembeni, ngumu kama mti, hakuna wa kuzinunua. Bamia ukiikata kwa upana inatoa ua lenye pembe tano, mara nyingine sita au zaidi, na mbegu zake zinaacha matundu katikati. Sikuthubutu kuzipeleka mkekani moja kwa moja. Nilimpelekea bibi kwanza. Akachukua moja, akajaribu kuvunja ncha kwa kidole kama afanyavyo kila anayenunua bamia. Ncha ikagoma. "Hii kuni," akasema, akanirudishia. Ndiyo ruhusa niliyopata.

Majani yalitufundisha zaidi. Mtoto ukimpa jani atapaka rangi upande wa juu, ule unaong'aa, na atapata kivuli tu, umbo lisilo na kitu ndani. Mishipa imetokeza upande wa chini. Sikuwaambia. Nilikuwa naona uvivu, kusema kweli, maana jua la Januari lilikuwa limenimaliza. Kasichana kamoja ka miaka 5 kakaangusha jani la mpapai kwenye rangi, likatua mgongo chini, kakalipachika hivyo hivyo kwenye karatasi. Kalipoliinua kakapiga kelele: "Lina mifupa!" Kuanzia hapo uani kwetu majani yana mifupa, na mifupa iko nyuma. Miezi sita baadaye nilimsikia mmoja anamfundisha mgeni: pakaza kwenye mifupa.

Januari na Februari ndiyo miezi mibaya. Rangi ya maji inakaukia kwenye kibao kabla mtoto hajapata karatasi, anagandamiza weee, karatasi inatoka nyeupe, anakutazama kama vile umemwibia. Dawa yake niliipata kwenye duka la mtaani, gliserini, ile ile tunayojipaka. Matone machache kwenye kopo la rangi, inabaki na unyevu kwa muda wa kutosha. Masika ni kinyume chake, hakuna kinachokauka. Kazi zinaning'inia kwenye kamba na vibanio siku mbili, zinajikunja kama majani ya chai, na mvua ikija ghafla wote tunakimbia kuanua sanaa kama watu wanaoanua dagaa.

Kuhusu kiasi cha rangi nilihangaika sana. Mtoto anaamini kwamba rangi nyingi ndiyo picha nzuri. Maneno hayasaidii, ukimwambia "kidogo", kidogo yake ni kijiko. Kilichosaidia ni sikio. Wino ukitandazwa vizuri kwa rola unatoa sauti ya kuchachatika, kama mafuta yanapoanza kupata moto. Ukiwa mwingi unanyamaza, unateleza tu. Ukiwa mchache rola inakwaruza. Basi nikawaambia wasikilize. Watoto wa Tandika wamekulia karibu na makarai ya mihogo, sauti hiyo wanaijua kuliko wanavyojua a-be-che. Utawakuta watatu wameinamisha vichwa kwenye sinia la rangi, kimya, halafu mmoja anatoa hukumu: "Imeiva."

Sasa nije kwenye majina, kwa sababu ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Nilikuwa nimeanza kukusanya vile vibokisi vyeupe vya kubebea chipsi. Ukikata kifuniko chake unapata kibao laini. Mtoto anachora juu yake kwa peni iliyoisha wino, anakandamiza, mchoro unazama. Ukipitisha rola, palipozama panabaki bila rangi, na ndipo patakapotoka peupe. Hakuna kisu, hakuna damu. Mara ya kwanza vilinigomea, rangi ikawa inakimbia na kujikusanya matone matone, kwa sababu nilivisuuza kwa maji matupu na mafuta ya chipsi yalikuwa bado yapo. Mwaka 1796 Mjerumani Alois Senefelder alitumia ugomvi huo huo wa mafuta na maji kupata njia ya kuchapa kwa jiwe, na mpaka leo viwanda vikubwa vya uchapaji vinakula kwa ugomvi huo. Mimi ulinitia hasara ya asubuhi moja. Nikaviosha upya kwa sabuni.

Jumamosi hiyo niliwaambia kila mmoja aandike jina lake. Ni kazi rahisi, nilidhani, na mama zao watafurahi.

Hapa lazima nieleze upumbavu wangu. Kwenye skrini, zile fremu zangu za kitambaa, wino unapita kati ya kitambaa, unachokiona juu ndicho kinachotua chini. Kwa hiyo miaka 17 ya kuchapa, sijawahi hata siku moja kuandika kitu kinyume. Kibao hakiko hivyo. Kibao kinalalia uso juu ya karatasi, kama mtu na kioo. Nilijua, kwa maana ya kuwa ungeniuliza ningekujibu. Lakini mkono wangu haukujua, na mkono ndio uliokuwa unafundisha.

Karatasi zikainuliwa. Majina yote kinyume. Kulikuwa na kimya kidogo, kisha msichana mmoja akaanza kulia, si kwa sauti, anasema tu, "Huyu siyo mimi. Huyu siyo mimi." Mwingine akageuza karatasi juu chini, akaona bado, akanitazama. Nikaanza kuelezea habari za kioo kwa watoto wa miaka 5. Dada yangu mlangoni anacheka.

Kwenye kona ya mkeka kulikuwa na mvulana wa miaka 6, mtoto wa mama anayekaanga mihogo karibu na kituo cha daladala. Huyu alikuwa ameweka karatasi yake chini ya paja. Nilidhani imechanika. Nikaiomba, akatoa taratibu, kichwa chini. Jina lake lilikuwa limekaa sawasawa, herufi zote zinatazama zinakotakiwa kutazama, limenyooka kama la bango.

Alikuwa amelificha kwa sababu halikufanana na ya wenzake. Aliona wote wamepata namna moja, yeye peke yake amepata namna nyingine, akajua amekosea tena.

Neno "tena" nalisema kwa sababu baadaye niliona daftari lake la shule. Mtoto yule alikuwa anaandika kinyume. Si herufi moja moja tu. Alianzia kulia akaenda kushoto, kila herufi imegeuka, mstari mzima, kama mtu anayeandikia upande wa pili wa karatasi. Daftari lilikuwa jekundu kwa kalamu ya mwalimu, na penye jekundu nyingi pia palikuwa na alama za kufuta zilizotoboa karatasi. Kwenye kibao cha chipsi aliandika kama anavyoandika siku zote. Kibao kikamgeuza.

Dada yangu alinieleza usiku ule kwa nini. Watoto wengi kabla ya kufika miaka 7 hivi hugeuza herufi, na si kwa sababu hawaoni vizuri wala hawana akili. Kikombe ni kikombe, mkono wake ukiwa kulia au kushoto. Mbuzi ni mbuzi akitazama Mbagala au akitazama Posta. Mtoto ametumia miaka yote ya maisha yake kujifunza kwamba kitu hakibadiliki kwa kugeuka, halafu siku moja anaambiwa kuna vitu vinaitwa b na d. Na watoto wetu wengi asubuhi wanaandika wakitoka kushoto, jioni chuoni kwa ustadhi wanaandika wakitoka kulia. Wengi wanavuka bila shida. Wengine wanachelewa kidogo kwenye kivuko.

Mama yake alipokuja kumchukua nilimwonyesha. Alifuta mikono kwenye khanga kabla ya kushika karatasi.

"Anko wao, hii kaandika yeye?"

"Yeye."

"Hukumshika mkono?"

Nikampa na kibao. Akaweka kibao hapa, karatasi pale, akatazama kimoja, akatazama kingine, akavigeuza. Hakusema kitu kwa muda. Mwisho akasema, "Kumbe kule shuleni anaandika kibao."

Nilifurahi sana, na kwa furaha hiyo nikaharibu. Nilimsifia yule mtoto mbele ya wote. Nikasema huyu ana kipaji, huyu ndiye fundi wetu, kuanzia leo majina yote yatapita kwake. Watoto wakaanza kumwita Fundi Jina hapo hapo. Alivimba kama andazi. Kila aliyetaka jina lake litoke sawa alikwenda kwake na kibao, anamtajia herufi, yeye anachora ulimi nje. Alianza kuja kabla ya wote.

Wiki tatu baadaye mama yake alikuja uani katikati ya wiki, mihogo kamwachia jirani. Mtoto amegoma kuandika sawa shuleni. Mwalimu amemwambia geuza, yeye amejibu kwamba yeye ni fundi na anko amesema ndivyo inavyoandikwa. "Mimi nilikuwa na tatizo moja," mama akaniambia. "Sasa nina mawili, na la pili umeniletea wewe."

Alikuwa na haki. Nilichukua kitu ambacho mtoto alikuwa anakipita tu, nikakijengea nyumba. Mtu mzima akisifu anadhani amempa mtoto zawadi. Hajiulizi mtoto ataibeba mpaka wapi.

Tulichofanya ni kutenganisha. Dada ndiye aliyebuni maneno: kuna herufi za kibao na kuna herufi za daftari. Kama nguo za shule na nguo za mpira. Fundi wa kweli anazijua zote mbili, kwa sababu lazima asome karatasi ikishatoka ajue kama amepatia. Kila alipomaliza kibao alitakiwa aandike neno lile lile kwa penseli pembeni, herufi za daftari, kabla hajapewa rangi. Mwanzoni alilia. Baadaye akawa anafanya haraka haraka apate rola.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimetufungia barazani, tulianza kazi kubwa. Nilisema tutengeneze khanga yetu. Wazo lilikuwa la bibi kwa kweli. Siku moja alinyanyua ncha ya khanga yake akawauliza watoto, "Hii nayo si imechapwa? Mnadhani ilimea?" Bibi alifanya kazi Urafiki, kile kiwanda cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1968, na kwake khanga si nguo tu, ni bidhaa yenye kanuni. Pindo pande zote nne. Mji katikati. Jina, yale maneno yake, chini ya mji. Pindo likipinda hiyo si khanga, ni kitambaa cha meza.

Pindo tuliwapa wadogo, kwa bamia. Kugonga bamia mfululizo kwenye mstari ni kazi ambayo mtoto wa miaka 5 anaweza kuifanya kwa dakika 40 bila kuinua kichwa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kunieleza na nisingeliamini.

Mji ulileta ugomvi. Kura zilipigwa, bajaji ikashinda samaki. Bajaji hatukuichonga, tuliibandika: kipande cha boksi, juu yake gundi ya mbao, juu ya gundi kila kitu chenye mgongo. Kamba ya katani kwa ajili ya paa. Wavu wa kiroba cha vitunguu kwa kioo. Vipande vya vitenge vinavyobaki chini ya cherehani ya fundi wa jirani, vyenye nyuzi zinazotokeza, vikawa viti. Vifuniko vya soda kwa matairi. Ukishapaka gundi juu ya vyote na kuacha ikauke, unakuwa na kibao ambacho kila kitu kinatoa chapa ya ngozi yake. Raha ya njia hii ni kwamba mtoto anaanza kuitazama dunia kwa vidole. Walikuwa wanakuja na vitu mfukoni: ganda la nanasi, utepe wa lebo ya jinzi, nusu ya ndala. Wanakushikisha kwanza, macho yamefumbwa, ndipo wanakuuliza kama inafaa.

Nilipokuwa kijana niliwahi kusimama mbele ya kazi za Nyumba ya Sanaa, ile iliyoanzishwa 1972 na Sista Jean Pruitt, ambayo jengo lake halipo tena. George Lilanga alifanya kazi pale, na Robino Ntila, na wote walichapa picha. Nilichokumbuka uani kwa dada ni mashetani ya Lilanga, masikio makubwa, matumbo ya mviringo, hakuna hata mstari mmoja ulionyooka, na hakuna hata mmoja unaotamani kuunyoosha. Mimi nilitamani. Usiku nilirudi kuangalia kama gundi imekauka, nikaona tairi la mbele la bajaji limekaa pembeni sana, nikalibandua na kulirudisha mahali pake. Sekunde kumi tu. Jumamosi yule kasichana ka mifupa kakashika kibao, kakapitisha kidole, kakafika kwenye tairi kakasimama. "Hili limewekwa na mkubwa." Sikukubali wala sikukataa. Waling'oa, wakalirudisha lilipokuwa. Katika jaribio la kwanza gundi ilikuwa haijakauka ndani, karatasi ikang'ang'ania, tukapasua nusu ya paa. Hilo nalo masika, si mtu.

Jina walilichagua wenyewe. Yalipendekezwa mengi, likiwemo LEO KUNA WALI, ambalo mimi nililipigia debe. Likapita MAMA NJOO UONE. Fundi Jina akapewa vibao vitatu, neno moja kila kibao, na asubuhi nzima. Aliandika kwa penseli pembeni kwanza, herufi za daftari, hakukumbushwa. Halafu akageuka mgongo ili asione alichoandika, akashika peni, akaanzia kulia.

Juni, mvua zikiwa zimekwisha, tulitandika marekani mpya kwenye meza mbili zilizounganishwa, wino wa kitambaa kutoka dukani kwangu. Kwa kuwa mikono yao haina uzito wa kutosha, kila kibao kilipolazwa tuliweka ubao juu, na mtoto akakaa juu ya ubao. Huo ndio mtambo wetu wa kuchapia mpaka leo: makalio. Jina lilitoka sawa, J ikiwa fupi kuliko wenzake. Bibi akaja na fimbo yake, akalizunguka pindo lote bila kusema, kona ya tatu akasimama. "Hapa pamepinda." Akaendelea. Tuliipiga pasi upande wa nyuma ili wino ushike, na siku ya kuonyesha wazazi ilitundikwa pale pale kwenye kamba ya nguo. Mama wa mihogo alikuja amechelewa. Alisoma jina kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayehakiki risiti.

Mwaka uliofuata watoto walikuwa 23, na wakubwa wakadai khanga ya pili yenye jina lile lile, maana ya kwanza tuliigawa vipande na kila mama alichukua chake. Fundi Jina alikuwa darasa la pili. Amerefuka, jino la mbele limetoka, fulana ya MAHAFARI inamfika magotini tu. Nikampa vibao vyake vitatu.

Aliandika haraka sana. Sikuhitaji kusubiri rangi. Nilisoma kibao nilipokuwa nimesimama, MAMA, kushoto kwenda kulia, wazi kabisa. Nikanyamaza. Akapitisha rola, akasikiliza, akalaza karatasi, akakaa juu ya ubao, akahesabu mpaka kumi kama tulivyozoea. Akainua.

AMAM.

Akaitazama. Akachukua kibao akakielekeza juani, akakitazama kwa mbele, akakigeuza. Akajaribu NJOO kwenye kibao kingine, polepole, akifumba macho kila baada ya herufi. N ikaja sawa, yaani sawa ya daftari. Akaweka peni chini.

"Anko, imeniponyoka."

Alikaa pale kidogo. Kisha akainuka akaenda upande wa wadogo, waliokuwa wanakwaruza majina yao kwenye vifuniko vya chipsi, akawa anapita nyuma yao mmoja mmoja, anachungulia juu ya mabega. Alirudi anamvuta mkono binti mmoja mgeni, wa miaka 5, fulana inaburuta chini, peni bado iko mdomoni.

"Huyu anaweza," akasema, akampa vibao.